Chakula Kitamu na Miti ya Bwana



Somo letu ni Mwanzo 2:9. Pale tunaona kwamba miti aliyoiotesha Mungu ilipendeza macho, tena ilifaa kwa chakula. Basi utamu wa chakula si dhambi. Sombe iliyoungwa kwa mawese, maharage laini, samaki wa ziwa letu la Nakivale, yote ni zawadi. Mhubiri 3:13 inafundisha hivyo hivyo. Ukimbizi haukutuondolea ruhusa ya kufurahia sahani tamu na kumshukuru Mungu.

Lakini tujiulize, sahani hiyo imeivishwa na nini? Maharage yanakula kuni kwa saa nyingi. Kuni hizo zinatafutwa na mama zetu na binti zetu, nao wanakwenda mbali. Njiani wengine wanapigwa, wengine wanatendewa mabaya wanayoona haya kuyasema. Tena mti wa mwenyeji ukikatwa, ujirani wetu unakatwa pamoja nao.

Katika Kumbukumbu la Torati 20:19 Mungu aliwakataza Israeli kukata miti ya matunda hata walipouzingira mji kwa vita. Je, sisi tuliokimbia vita tufanye katika amani lile lililokatazwa vitani?

Hatusemi muache sombe, wala muipunguzie moto, maana sombe isiyoiva ina sumu. Tunasema hivi: tuitwange vizuri. Maharage tuyaloweke tangu jioni, tumwage maji yale, tupike kwa maji mapya. Yataiva upesi na utamu ni uleule. Tukaushe kuni. Badala ya mafiga matatu ya wazi, tufinyange jiko la udongo linalozuia upepo. Chakula kikiiva, tuzime moto. Kuni iliyobaki ni ya kesho. Bwana Yesu aliyeshibisha watu 5,000 aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12).

Na kila nyumba ipande mti: parachichi, papai au mwembe. Wengine wanasema, "Tupande kwa nini, na hapa si kwetu?" Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wapande bustani na kula matunda yake (Yeremia 29:5). Nako hakukuwa kwao. Tusipokula sisi matunda hayo, atakula mtoto wa mwenyeji aliyetupokea, naye atatukumbuka kwa wema.

Bwana abariki vyungu vyenu na mashamba yenu. Amina.