Nyumba ya Babu Kihambani

Asubuhi hii nawawazia wanaotaka kununua kutoka kwa ndugu zao nyumba ya babu kule Kilimanjaro, waikarabati na kuishi humo.

Anza na kikao cha ukoo, fundi atafuata. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, mara nyingi kina makaburi ndani yake, na anayekiuza peke yake huwaachia wanawe kesi. Dada walioolewa waitwe pia. Nao ni watoto wa nyumba ile. Mkikubaliana, andikeni, kisha mwende serikali ya kijiji, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila.

Sasa ukuta. Baadhi ya nyumba za zamani ni za mawe na udongo, zikaezekwa bati kwa fedha za kahawa. Gonga chini ya dirisha: huenda plasta imevimba, inalia kama kitu kitupu. Mara nyingi hiyo ni saruji iliyopakwa juu ya udongo. Saruji hufungia unyevu ndani, udongo ukalainika, plasta ikabanduka. Ibandue taratibu, acha ukuta ukauke, upake chokaa na mchanga, maana chokaa huuachia unyevu utoke. Lakini kwanza ziba paa, uchimbe mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba.

Naamini kwa moyo wote nyumba hizi zinastahili gharama hiyo. Na kama shangazi bado yu hai, mpigie simu leo. Masale, mimea iliyopandwa mpakani, yeye anayajua, lakini fundi na mwenyekiti wa kijiji huenda hawayajui.