Shahidi wa Radi

Swali langu ni fupi: mtu aliyesoma hadi akajua, je, ana deni kwa asiyejua? Sisemi deni la fedha. La fedha lina Bodi ya Mikopo na madaftari yake, na wahitimu wanalikuta kwenye mshahara. Nasema lile deni jingine lisiloandikwa popote, ambalo usipolilipa hakuna atakayekuja kukudai.

Wengi watajibu haraka haraka: ndiyo, analo, arudi kijijini akajenge taifa. Jibu hilo tumelisikia tangu shule ya msingi, kwenye ngonjera na kwenye hotuba za mahafali, mpaka limekwisha makali. Wengine, hasa sisi vijana wa mjini, tutajibu kwa mkato: hana, kila mtu na maisha yake bwana. Mimi naomba, ndugu msomaji, tusikimbilie upande wowote. Tuchukue jambo moja tulipime. Jambo lenyewe ni radi.

Anayezijua Kibondo na Kasulu anajua mvua za huko. Kiangazi kinakatika mwezi wa Oktoba, watu wanaingia mashambani kupanda mahindi na maharage, na kuanzia hapo mpaka Mei mawingu hayaachi kugombana juu ya vilima vya Buha. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu iko milima ya mashariki mwa Kongo, ambayo vipimo vya satelaiti vinaitaja kuwa kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Sisi ni majirani wa karakana hiyo. Warundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu, huiita radi inkuba, na huitamka kwa adabu.

Sasa, kwa watu wengi wa huku radi ni za aina mbili. Ipo ya mvua, na ipo ya kutumwa. Ya mvua haina mwenyewe. Ya kutumwa inaye. Mtu akipigwa, na huko nyuma aliwahi kugombana na jirani kwa mpaka wa shamba au mbuzi aliyeharibu mihogo, basi mwenye radi anaanza kutafutwa. Na akitafutwa hakosekani. Mara nyingi ni mzee, mara nyingi zaidi ni bibi kizee mjane anayeishi peke yake, asiye na mtoto wa kumsemea.

Msidhani haya ni masimulizi ya jioni tu. Tuhuma za uchawi zina milango mingi, radi ni mmojawapo, lakini yote hutokea uwanja uleule. Mwezi wa Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu saba waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na watu 23 wakafikishwa mahakamani. Saba, jamani. Ndiyo maana nasema swali langu si la darasani.

Ninaye mwenzangu mmoja anayesomea uzamili wa fizikia. Likizo moja tulikuwa kijiweni Kasulu mjini, tunakunywa kahawa. Utafiti wake ni wa seli za umeme wa jua: anachukua utando mwembamba kuliko unywele, anaupiga mwanga, anapima, kisha anarudi kwenye kompyuta kukokotoa. Mzee mmoja pale kijiweni, aliyemsikiliza kwa heshima zote, akamwuliza: "Mwanangu, wewe uliyesomea umeme. Hii radi inatumwaga, au haitumwi?"

Mwenzangu akatabasamu. "Mzee wangu, hiyo siyo mada yangu."

"Haya, baba," alisema mzee, akarudia kikombe chake.

Mwenzangu hakusema uongo. Radi kweli si mada yake, na huko vyuoni mtafiti hufunzwa kwa miaka mingi asiseme nje ya mipaka ya alichokipima. Huo ni uadilifu, na mimi nauheshimu. Tungekuwa na wanasiasa wenye nusu ya uadilifu huo tungekuwa mbali. Tena sidai kwamba angeacha seli zake aende kutafiti radi. Anayechunguza utando wa jua, anayechunguza nyota, hata yule wa hisabati tupu anayeshinda na namba zisizoshikika, wote wana haki ya kazi zao. Utafiti hauna lazima ya kuzaa ugali.

Lakini mzee hakuuliza habari za tasnifu. Aliuliza jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa fizikia analijua kabla hajafika mwaka wa pili. Na aliuliza mahali ambapo jibu linaweza kumwokoa mtu asichomewe nyumba. Hapo ndipo naona mtafiti anageuka kuwa kitu kingine, apende asipende: anakuwa shahidi. Shahidi hachagui kesi. Kesi inamkuta amepita njia hiyo, ameona, na sasa anaitwa aseme. Akijibu kwamba yeye si mtu wa mambo ya mahakama, hakuna atakayemfunga kijiweni, ila mshtakiwa asiye na hatia atahukumiwa huku yeye akimalizia kahawa.

Angesema nini? Angesema hivi. Ndani ya wingu la mvua, vipande vya barafu vinasuguana na chaji za umeme zinatengana, hasi nyingi zikikaa upande wa chini. Zikizidi, hewa inashindwa kuzizuia. Radi inaanza kushuka, wala haishuki moja kwa moja kama mkuki uliorushwa. Inashuka kwa hatua, kila hatua kiasi cha mita 50, ikipapasa kushoto na kulia kama mtu anayetafuta mlango gizani. Jambo hili lilionekana hapahapa Afrika, mjini Johannesburg, miaka ya 1930, wakati mwanafizikia Basil Schonland na wenzake walipoipiga picha kwa kamera maalumu. Inapofika makumi machache ya mita kutoka ardhini ndipo vitu vya chini vinapokuwa na neno: mti mrefu, paa, mtu aliyesimama peke yake katikati ya shamba. Kutoka kimojawapo unapanda umeme wa kuipokea, na hapo ndipo njia inapokamilika.

Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Kitu kilichotumwa kina anwani tangu kinapoondoka. Radi haina anwani. Ingali juu kilometa moja haijaamua itamwangukia nani. Mzee yeyote aliyewahi kutuma barua angeielewa hoja hii, bila mlinganyo hata mmoja.

Angeweza kuongeza kwa nini ng'ombe anakufa na mchungaji aliye kando anapona: umeme ukitua unasambaa ardhini, na ng'ombe miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, moyo uko katikati, unapita humo. Angeeleza kwa nini shule zinaumia. Chumba chenye bati juu, udongo chini, bila waya wa kuuteremsha umeme ardhini, hakiwakingi watoto waliobanana ndani, kwa kuwa mkondo unaruka ukutani na sakafuni ukiwapitia wao. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Miaka michache baadaye, wataalamu wa mtandao wa Kiafrika wa masuala ya radi, wenye makao Kampala, walifunga kinga-radi shuleni hapo: vyuma juu, waya kushuka, vyuma chini ya ardhi. Mwezi wa Novemba 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Sisi tulio jirani na Nyarugusu, kambi iliyoanza 1996, na Nduta ya Kibondo, ambako maelfu wameishi miaka nenda rudi chini ya maturubai na vibanda vya udongo, tunapaswa kuzisoma habari hizo mara mbili. Radi haimchukii maskini. Nyumba ya maskini ndiyo isiyo na njia ya kuupeleka umeme chini.

Najua kuna atakayenipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: fizikia inaeleza radi inavyopiga, haielezi kwa nini imempiga huyu. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, alieleza jambo linalofanana na hili. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake. Kila mtu anajua mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Mfiwa wa Kibondo naye haulizi habari za chaji. Anauliza, kwa nini mwanangu?

Nakiri, hapo fizikia haina neno la kumfuta machozi. Hisabati ndiyo inayobaki, na jibu lake ni baridi: ilibidi itue mahali fulani, na mahali hapo mwanao alikuwepo. Hakuna ubaya wala mpango. Jibu hilo halifariji. Lakini tazama linachokifanya: linafunga jalada bila mshtakiwa. Yule bibi kizee wa nyumba ya pili hana kesi. Kati ya jibu linalofariji kwa kumtoa mtu kafara na jibu baridi linalomwacha kila mtu hai, mimi nachagua la pili, kisha nakwenda msibani kukaa na mfiwa, maana kumfariji ni kazi yetu sisi binadamu, si kazi ya fizikia.

Mwingine atasema, kuelimisha ni kazi ya walimu, na Kasulu ina vyuo vya ualimu. Sawa. Ila mwalimu anajibiwa: wewe umesoma kitabuni tu. Aliyeupima umeme kwa mikono yake ana uzito mwingine. Wa tatu atasema lugha ndiyo kikwazo, sayansi tumeisoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Hilo lina ukweli, na linauma. Lakini tangu 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Na pale kijiweni hata hayo hayakuhitajika. Mfano wa barua ungetosha.

Tena deni hili lina miguu miwili: kusema, na kusikiliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya ya wenzake yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya watu wote. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne angeweza kucheka nao, au kusema siyo mada yake. Badala yake alilibeba swali, likajaribiwa Dar, na mwaka 1969 makala ikatoka kwa majina mawili, la Mpemba na la Osborne. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Lililonigusa mimi ni kwamba msomi aliulizwa na mtu wa chini yake, akaona anawajibika kujibu.

Kwa hiyo, jibu langu ni hili. Aliyejua hana deni la kuacha utafiti wake, wala la kurudi kuishi kijijini, wala la kufanya kila utafiti uwe wa matumizi. Ana deni la kutoa ushahidi anapoulizwa, kwa lugha ya anayeuliza, bila dharau, na kuonyesha mahali ujuzi wake unapoishia. Dharau nayo ni aina ya kunyamaza: ukimwita mtu mshamba hujamjibu. Na wasomi wangapi wa mjini wanaowacheka watu wa Buha wakati mifukoni wana hirizi?

Na sisi tunaoandika tusijitoe. Tunapenda radi kwenye mashairi yetu, inatupa sauti na mwanga kwa bei rahisi. Basi tuwaulize hao wanasayansi, tuandike wanachosema kwa Kiswahili cha kijiweni, tukisome kwa sauti kabla mvua za Oktoba hazijarudi. Wewe mwenzangu, uliyesomea nini? Na nani amewahi kukuuliza, ukamwambia siyo mada yako?