Hoja Imefungwa

Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi ya vitanda 24, nje kidogo ya jiji la Bristol, Uingereza, mali ya kampuni ya Castlebeck. Wagonjwa wake walikuwa watu wazima wenye ulemavu wa akili au usonji, na fedha za umma zilikuwa zikilipa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mmoja. Kwa bei hiyo mtu angedhani wanalelewa kifalme. Wazazi waliosafiri mbali kuwaona walipokelewa kwenye chumba cha wageni; wodini hawakufikishwa.

Kati ya Januari 2008 na Mei 2011, halmashauri ya South Gloucestershire, yenye dhamana ya kuwalinda watu wazima wasioweza kujilinda, ilipokea taarifa 40 kuhusu usalama wa wagonjwa hao. Nyingi zilidai kwamba wahudumu ndio waliowashambulia. Polisi nao walikuwa na matukio yao 29. Halmashauri haikuzitupa taarifa hizo kapuni, na hapo ndipo penye funzo. Ilizishughulikia, lakini moja moja, kila moja na jalada lake, na uchunguzi mwingine iliuachia hospitali yenyewe, yaani mtuhumiwa akaombwa aandike kesi yake. Hakuna aliyeyatandaza majalada yote mezani siku moja akauliza mbona yanatoka katika jengo moja.

Mwaka 2010 muuguzi mwandamizi wa hospitali hiyo aliandika malalamiko. Yalifika kwa wakubwa wake, kwa halmashauri na kwa Tume ya Ubora wa Huduma, ambayo ndiyo mkaguzi wa nchi. Hakusikilizwa. Akaenda BBC. Mwandishi wa kipindi cha Panorama akaomba kazi ya uhudumu pale, akaipata, akaingia na kamera iliyofichwa. Tarehe 31 Mei 2011 nchi nzima ikaona watu wakipigwa, wakiburuzwa na kukaliwa sakafuni. Wahudumu 11 walipatikana na hatia. 6 wakafungwa jela. Hospitali ilifungwa ndani ya wiki chache.

Kufunga jengo ni rahisi. Kazi ilikuwa kubaki na swali la waliokuwa ndani yake, na wenzao wapatao elfu tatu katika hospitali za namna hiyo, ambao wengi wao hawakuwa na sababu ya kulazwa. Desemba 2012 serikali iliahidi kwamba ifikapo tarehe 1 Juni 2014 kila asiyestahili kuwa hospitali atakuwa amehamia kwenye makazi ya kawaida, karibu na kwao. Mipango iliandikwa, kamati zikaundwa, taarifa za utekelezaji zikapanda ngazi kwenda Wizarani. Tarehe ikapita.

Ukitaka kujua kwa nini, fuata fedha. Maadamu mtu amelazwa, kitanda chake hulipiwa na Huduma ya Taifa ya Afya. Akitoka, sehemu kubwa ya gharama ya nyumba na wasaidizi huiangukia halmashauri, na bajeti za halmashauri zilikuwa zikikatwa tangu 2010. Kumrudisha mtu kwao kulikuwa ni kujitwisha deni ambalo jirani alikuwa akililipa kimyakimya. Mpango wowote wa maboresho usiogusa hesabu hiyo ulikuwa karatasi. Mwaka 2024, miaka 10 baada ya tarehe ile ya mwisho, watu zaidi ya 2,000 walikuwa bado wamelazwa.

Mei 2019 Panorama ilirusha picha nyingine, safari hii za Whorlton Hall, kaunti ya Durham: wagonjwa wa aina ileile, matusi na vitisho vilevile. Mwaka 2017 wakaguzi walikuwa wameipa hospitali hiyo daraja la “Nzuri”.

Sasa zamu imefika kwa halmashauri zenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2022, Tume hiyohiyo ya Ubora wa Huduma imeanza kuzikagua namna zinavyotimiza wajibu wao kwa wazee, walemavu na wanaowatunza nyumbani, na kuzipa madaraja. Sioni ubaya. Ninachohofia ni miezi inayofuata ripoti mbaya, pale mkurugenzi anapotaka kuonyesha haraka kwamba hoja zimefungwa. Mkaguzi akisema orodha ya wanaosubiri kutathminiwa ni ndefu mno, njia ya mkato ni kuwapigia simu, kumfuta asiyepokea, kumfuta anayesema hahitaji tena, kisha kuandika kwamba foleni imepungua. Na kweli itakuwa imepungua.

Huko St Austell, Cornwall, mwaka 2005, mwanamume mwenye ulemavu wa akili aliyeishi peke yake alisema hataki tena saa zake mbili za msaada kwa wiki. Halmashauri ilikubali: ni mtu mzima, amechagua. Haikupima ni hatari gani anaachwa nayo, wala haikujua ni nani waliohamia chumbani mwake. Julai 2006 watu hao walimuua, baada ya kumtesa kwa muda mrefu. Polisi, afya, makazi na ustawi wa jamii, kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyeviunganisha. Uchunguzi wa kifo hicho uliandikwa na Margaret Flynn mwaka 2007. Miaka mitano baadaye ni yeye tena aliyeandika ule wa Winterbourne View.