Sala ya Faragha: Je, ni Kuwakimbia Wenzetu?

Wahenga wetu hawakumsifu sana mtu wa peke yake. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haulei mwana. Anayejitenga na wenziwe aghalabu hudhaniwa kuwa ana kinyongo, ama kwamba liko jambo baya analolificha. Marehemu John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jinsi ambavyo kwetu mtu huwa mtu kwa sababu ya jamaa na jumuiya yake. Basi Mkristo wa Kiafrika anapoambiwa aingie ndani, afunge mlango na kusali peke yake, swali lazuka: je, sala ya namna hiyo si kuwakimbia wenzetu?

Swali hili lafaa kuulizwa mahali ambapo lina uzito. Natuliulize Rumonge, mji wa Burundi ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Kiswahili ki hai huko tangu zama za misafara ya Ujiji, na Waislamu na Wakristo hununua ndagala na mukeke katika soko moja. Ukristo ulipofika huko haukuanza na umati. Mapadri Weupe wachache walifika mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa. Leo makanisa hujaa watu na nyimbo. Je, sala ya mtu mmoja ina haja gani tena?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Faragha tumeipata katika Kiarabu, na asili yake ni hali ya kuwa tupu, ya kutoshughulika. Si sawa na upweke, ambao ni kukosa watu. Wala si sawa na siri, ambayo ni kuficha jambo. Mzee aliyeachwa na wanawe ana upweke. Mwizi ana siri. Lakini aliyeweka kando shughuli zake na macho ya watu, ili moyo wake upate nafasi, huyo yumo faraghani.

Yaweza kusemwa kwamba faragha ni anasa ya wenye nyumba kubwa. Familia ya watu wanane katika vyumba viwili itaipata wapi? Lakini katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, neno la Kigiriki lililotumika kwa chumba hicho lina maana pia ya ghala, yaani chumba cha kuwekea akiba ya nyumba. Wakulima na wavuvi wa Galilaya hawakuwa na vyumba vya kuchagua. Naye Yesu mwenyewe, kama Marko anavyosimulia, alitoka nje alfajiri kungali giza akaenda mahali pasipo watu. Basi mlango unaopaswa kufungwa si lazima uwe wa mbao. Mvuvi aliye ziwani usiku, mkulima aliye peke yake chini ya michikichi, mama aliyeamka kuwasha moto kabla watoto hawajaamka: kila mmoja wao anao mlango wa kufunga. Hata jirani Mwislamu anayeamka kati ya usiku kusali wakati wengine wamelala hahitaji kuelezwa maana yake.

Kwa nini mlango ufungwe? Wavuvi wa Rumonge waweza kutusaidia. Wao huvua usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme, kwa kuwa mwanga ule huwakusanya ndagala. Mbalamwezi inapokuwa kubwa hubaki nchi kavu, maana mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina tena nguvu ya kuwavuta samaki. Moyo wa mwanadamu nao ni hivyo. Penye macho mengi hutawanyika. Sehemu moja yamwelekea Mungu, nyingine yasikiliza kama sauti yetu imependeza, nyingine yapima nani hakuja. Faraghani hakuna wa kumpendeza ila Mmoja, na huyo hadanganyiki.

Hata hivyo tusidhani kwamba kuwa peke yako kwatosha. Katika mfano ulioko Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru walisali katika hekalu moja. Farisayo alimshukuru Mungu kwa kujilinganisha na wengine. Angefungiwa ndani ya ghala, angeingia na wote aliowadharau, awe na wa kujilinganisha nao. Nyumba njema si mlango, bali ni kuingia ndani.

Sasa tufike kwenye kiini. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huko huko Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi, kisha dola ikawaua Wahutu kwa wingi, hasa waliosoma, wakiwemo walimu na wanafunzi. Nchi hiyo tayari ilikuwa na Wakristo wengi mno. Damu ilimwagika tena mwaka 1993 na miaka iliyofuata. Hapana budi tukiri kwamba kusali pamoja Jumapili hakukuizuia mikono ya wengi Jumatatu. Umati uliojua kuimba kwa sauti moja ulijua pia kuchukia kwa sauti moja. Hapo ndipo faragha huonekana thamani yake. Aliyezoea kusimama mbele ya Mungu bila kabila lake wala kundi lake kumtazama, amejizoeza kuisikia dhamiri yake hata kundi linapopiga kelele.

Milimani juu ya pwani hiyo, upande wa Bururi, iko seminari ndogo ya Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliivamia wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa, na 40 kati yao waliuawa. Alichosali kila mmoja wao faraghani ni siri yake na Mungu. Alichokataa kukifanya hadharani kimebaki ushahidi. Hivyo ndivyo sala ya faragha inavyojulikana: si kwa maneno yake, bali kwa matunda yake nje ya mlango.

Basi je, ni kuwakimbia wenzetu? Tuisome tena sura ile ile ya Mathayo. Mara tu baada ya kuamuru mlango ufungwe, Yesu afundisha sala, na sala hiyo haianzi kwa "Baba yangu". Yaanza kwa "Baba yetu". Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hili. Mtu yuko peke yake, mlango umefungwa, naye asema kwa wingi! Anaomba chakula chetu, si changu. Msamaha wa makosa yetu, si yangu tu. Aliyewaacha wenziwe nje kwa mwili ameingia nao katika kiwakilishi kimoja kifupi, na kiwakilishi hicho hakimruhusu kumbagua jirani yake.

Kipimo, basi, ni kurudi. Alfajiri ile anayoisimulia Marko haikumalizikia mahali pasipo watu. Wanafunzi walimfuata Yesu, naye akaondoka kwenda katika vijiji vya jirani. Sala inayomfanya mtu asiwatake tena watu si faragha bali ni kinyongo kilichovaa kanzu. Sala inayomrudisha akiwa mpole zaidi, na mgumu zaidi wa kusukumwa na umati, hiyo ndiyo iliyofungiwa mlango sawasawa.

Nasi walimu, tunapowafundisha wanafunzi tofauti ya upweke, siri na faragha, tusiishie kwenye msamiati. Tuwaulize ni lini mara ya mwisho kila mmoja wao alipokuwa na faragha, na aliporudi kwa wenziwe alirudi akiwa mtu wa namna gani.