Mawe Tuliyoyaacha Njiani

Kila asafiriye kati ya Segera na Korogwe ameyaona: mawe mawili matatu juu ya lami, pengine na matawi yaliyonyauka, wala gari lenyewe halipo tena. Lilitengenezwa, likaenda zake. Twapenda kuuliza swali moja. Yule aliyeyaacha mawe yale alikosa lini? Ni pale alipoondoka, au ni pale mtu mwingine atakapoyagonga?

Twauliza kwa kuwa nasi tumo. Zamani tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tulipanda lori la mahindi kutoka Handeni kurudi Korogwe, barabara ile ikiwa bado ya vumbi. Penye kilima kimoja tairi la nyuma likapata pancha. Utingo akaruka chini kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu, nasi walimu tukamsaidia kuyabeba. Tulipomaliza giza lilikuwa limeingia. Dereva akapiga honi, tukapanda, tukaondoka. Mbele kidogo mmoja wetu akauliza, "Na yale mawe je?" Utingo akajibu, "Mwalimu, wajao wana taa." Tukacheka. Hakuna aliyegonga bodi ili lori lisimame.

Mpaka leo hatujui kama yuko aliyeyagonga.

Mwalimu mwenzetu mmoja alishikilia kwamba kama hakuna aliyeumia, hapakuwa na kosa. Hoja hiyo si ya kudharau, maana hata mahakama humwadhibu zaidi dereva aliyeua kuliko yule aliyeponea chupuchupu. Lakini tuifuate mpaka mwisho. Ikiwa mwenye baiskeli isiyo na taa alipita usiku ule, sisi tumeua; ikiwa alilala kwa shemeji yake, sisi tu watu wema. Yawezekanaje? Tulichotenda ni kile kile. Kwa maoni yetu kosa lilikuwa limekwisha timia pale utingo alipopanda nasi tukanyamaza.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwagiza ajengaye nyumba azungushe kizuizi juu ya dari. Haingoji kwanza mtu aanguke. Kanuni za magari makubwa nazo ndivyo zilivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza gari la uzito unaozidi kilo 3,500 kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na gari lililoharibika lapaswa kuwekewa pembetatu zing'aazo. Anayelindwa hatajwi jina. Huenda bado yuko Moshi anafunga mizigo. Uzito wa lori hupimwa kwenye mizani, na aliyezidisha hutozwa. Jiwe lililoachwa halina mizani, na aliyeliacha yu mbali.

Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, katika kijiji cha Chang'ombe, Segera, wilayani Handeni, watu walikusanyika penye ajali kutoa msaada. Lori likaja likawagonga, na watu 11 wakafa. Hatumhukumu mtu kwa msiba ule. Twautaja kwa sababu afikaye gizani hajui lolote la yaliyotangulia, ila lile aliloandaliwa alione kwa mbali. Kwa hiyo tukikimbilia majeruhi, kama ipasavyo, mmoja wetu na arudi nyuma na tochi, mbali kabisa, akawapungie wanaokuja. Kazi hiyo haina shukrani. Anayeifanya hata majeruhi haoni.

Wengi wetu si madereva. Tu abiria, au wenye magunia yaliyo juu ya lori, na twamhimiza dereva awahi soko. (Kisha lori likipinduka twasema, "Madereva wa siku hizi!")

Mwaka jana basi letu liliharibika karibu na Segera. Lilipopona tulishuka tena kuondoa mawe, ingawa magoti yetu si ya kuinamia mawe siku hizi. Abiria walinung'unika, na dereva akapiga honi mara tatu. Kijana mmoja alishuka akachukua lile kubwa.