Mwanamke Mgeni na Nyumba ya Mungu

Liko swali ambalo yafaa kila mwenye kusimamia mambo ya msikiti ajiulize mbele ya Mungu wake: Je, yatosha kutomzuia mwanamke kuingia msikitini, au anatudai zaidi ya hayo?

Swali hili huwa zito zaidi kwa mwanamke aliyehama kwao. Utazame Matwebe na vijiji vingine vya Rungwe, nchi ya milima, migomba na baridi, ambako Waislamu ni wachache na wamisionari wa Moravian walifika tangu 1891. Mwanamke wa Kiislamu atokaye Kilwa au Ujiji akaja huku kwa ndoa au kwa biashara huacha mengi nyuma yake. Kwao alikuwa na mama, shangazi na somo wa kumwuliza mambo ya dini asiyoweza kumwuliza mwanamume. Huku hata Kinyakyusa ni lugha mpya kwake. Mumewe hupata ndugu Ijumaa ya kwanza tu, kwa kuwa husimama nao safu moja. Je, yeye atawapata wapi dada zake, ikiwa msikitini hana mahali?

Basi tutazame mfano wa Mtukufu Mtume s.a.w. Imesimuliwa na Bibi Aisha r.a. katika Sahih Bukhari habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa wa kabila moja la Waarabu. Waliomwacha huru walimshuku kuwa ameiba mshipi wa ngozi nyekundu, wakampekua kwa kumdhalilisha, kumbe umenyakuliwa na mwewe aliyeudhania nyama. Mwewe alipouangusha mbele yao, uongo ukadhihirika. Mwanamke huyo akaondoka, akamwendea Mtume s.a.w. na kusilimu. Hakuwa na jamaa wala nyumba Madina. Alipewa wapi pa kukaa? Alikuwa na hema ndani ya msikiti wenyewe, na akizoea kumtembelea Bibi Aisha r.a. na kuzungumza naye.

Fikiri, ndugu msomaji! Mgeni huyo hakuambiwa tu kwamba mlango haukufungwa. Alipata mahali, na alipata mwenziwe wa kuzungumza naye. Hayo mawili ndiyo haki ya mgeni.

Huenda mtu akasema: Sala ya Ijumaa si faradhi kwa mwanamke, na sala ya nyumbani kwake ina fadhila. Ni kweli. Lakini ruhusa hiyo ni rehema kwa mwenye kulea na mwenye udhuru, si kufuli. Mtume s.a.w. alikataza wanawake wasizuiliwe misikiti, na aliposikia mtoto analia alifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Hakumwambia mama abaki nyumbani. Imamu ndiye aliyejirekebisha.

Wala wanawake si wageni katika kujenga nyumba za Mungu. Msikiti wa The Hague, Uholanzi, uliofunguliwa 1955, na ule wa Copenhagen, Denmark, wa 1967, ilijengwa kwa michango ya wanawake wa Jumuiya ya Ahmadiyya, waliokuwa wakiishi mbali sana na miji hiyo. Itakuwa ajabu kuipokea fedha ya mwanamke na kumnyima mkeka wa kusalia!

Kwa hiyo msikiti uwe mdogo namna gani, hata wa udongo, na tujiulize: Wanawake wana mahali pa kutawadhia penye sitara? Hotuba huwafikia? Panapotolewa shauri la madrasa au la maziko, maoni yao huulizwa? Na mwanamke mgeni afikapo, yuko dada wa kumwendea nyumbani kabla Ijumaa ya pili haijafika?

Mlango usiofungwa ni jambo jema. Lakini mgeni hukaribishwa na watu, hakaribishwi na mlango. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwakaribisha. Amin.