Mbege ya ukoo na haki ya udugu

Kila mwaka unapokaribia mwezi wa Desemba, vijana wa Kiislamu wenye asili ya Uru, Kibosho, Machame na Old Moshi huniletea swali moja kwa sura mbalimbali. Ukoo unakutana nyumbani, mlimani. Ndugu watatoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, baadhi yao Wakristo na baadhi Waislamu. Patazungumzwa mpaka wa kihamba, posa ya binti na matibabu ya babu. Na mbege itakuwepo. Je, Muislamu aende au asiende?

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si mufti, na sitoi fatwa. Lakini naona swali hili mara nyingi tunalijibu nusu, na nusu tunayoiacha ndiyo inayotugharimu.

Tuanze na lile lisilo na utata. Wapo wanaosema kuwa mbege si pombe bali ni chakula, kwa kuwa ni ndizi na ulezi. Ni kweli kwamba ndizi mbivu hupikwa zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa, na gome la msesewe hutiwa kuleta uchungu. Lakini hoja hiyo si ngeni. Abu Musa al-Ash'ari (RA) alipopelekwa Yemen alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu vinywaji vya huko, kimoja cha asali na kingine cha nafaka. Jibu la Mtume (SAW) halikutegemea vimetengenezwa kwa kitu gani. Alitoa kanuni kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Naye Dailam al-Himyari (RA), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, alieleza kuwa wao wanaishi katika nchi ya baridi na wanafanya kazi ngumu, hivyo hutengeneza kinywaji cha ngano kiwape nguvu. Mtume (SAW) alimuuliza kama kinalevya. Alipojibu ndiyo, akaamrishwa wakiepuke. Utadhani aliyeuliza ni mkulima wa migomba wa Kibosho, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka!

Wala tusidhani kwamba ndizi au ulezi ndio wenye kuchukiwa. Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume (SAW) alikuwa akilowekewa zabibu, akanywa maji yake hadi jioni ya siku ya tatu, na kinachobaki hakukinywa tena. Kinywaji kile kile kilikuwa halali mwanzoni, na kikaachwa kabla hakijaanza kulevya. Kwa hiyo Uislamu haukugombana na shamba la Mchagga. Uligombana na kile kinachoondoa akili.

Hapa mjini Moshi swali hili lina sura nyingine. Ndugu yetu anakwenda kwenye kilabu cha mbege au baa, na akiulizwa anasema anafuata nyama choma tu. Tena ng'ombe amechinjwa na Muislamu, na yeye ameagiza soda. Nyama yake huenda ikawa halali. Lakini ipo hadithi aliyoipokea Tirmidhi inayomkataza mwenye kumwamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Uhalali wa sahani hauhalalishi kikao. Mtu huyu hana udhuru, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha kuwa pale. Nyama choma inapatikana kwingine, na akitaka anaweza kuibeba akala nyumbani na watoto wake.

Lakini kijana wa Uru anayeitwa na ukoo hafanani na huyu. Yeye hafuati nyama. Anafuata haki ambayo Allah (SW) mwenyewe ameiweka, yaani haki ya udugu wa damu. Asmaa bint Abi Bakr (RA) alipotembelewa na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina, Mtume (SAW) alimuamrisha aunge udugu naye. Na Surat Luqman, aya ya 15, inatufundisha tusiwatii wazazi wanapotuamrisha kumshirikisha Allah, na hapo hapo inatuamrisha kukaa nao kwa wema. Amri hizi mbili zimekuja pamoja. Sisi ndio tunaozitenganisha, tunashika ya kwanza na kuisahau ya pili.

Matokeo yake tunayaona. Kijana anakataa kata ya mbege, na amefanya vema. Lakini pamoja na kata anakataa kikao, kisha anamkataa baba mkubwa aliyekiitisha, na mwisho anauacha ukoo mzima. Kihamba kinagawiwa hayupo. Posa inapangwa hayupo. Wagomvi wanapatanishwa kwa jani la sale, naye hajui hata kama waligombana. Baada ya miaka kumi anasema ndugu zake wamembagua kwa sababu ya dini yake, wakati wao wanamkumbuka kama mtu aliyekuwa haji.

Ni kweli kwamba Surat al-Maida, aya ya 91, inatueleza kuwa shetani anakusudia kutia uadui na chuki baina ya watu kwa njia ya ulevi. Wapo ndugu waliokaa kupatana wakaondoka na mapanga mkononi. Hata hivyo tuwe waadilifu: kinachowakutanisha Wachaga si pombe peke yake. Ni kule kujua kwamba siku fulani, mahali fulani, kila mtu wa ukoo atakuwepo na atasikilizwa. Hilo ni jema, na ni jema linalotuhusu.

Sasa tujiulize jambo moja. Katika familia nyingi zilizochanganyika za Kilimanjaro, akichinjwa mbuzi au ng'ombe wa ukoo, kisu hupewa Muislamu. Ndugu zetu Wakristo hawalazimiki na dini yao kufanya hivyo. Wanafanya ili sisi tuweze kula pamoja nao. Wametutandikia meza tunayoweza kukaa. Sisi tumewatandikia ipi?

Nadhani hapo ndipo ilipo ile nusu ya jibu. Dini inapotuzuia kukaa kwenye meza fulani, na haki ya udugu bado iko shingoni mwetu, inatulazimu tutandike meza nyingine. Mwone baba mkubwa mapema, kwa adabu, umuombe mazungumzo yafanyike asubuhi na mbege ije baadaye. Hudhuria, toa hoja zako, toa mchango wako wa matibabu ya babu, na kata zikianza kuzunguka aga kwa heshima. Mwaka unaofuata uite ukoo nyumbani kwako. Pika mtori, choma ndafu, weka chai na togwa iliyo tamu bado, na usimuulize mtu dini yake mlangoni.

Hata misikiti yetu ina la kufanya. Tunamwambia mama mjane wa Kiislamu anayepika mbege kwamba katika ulevi wamelaaniwa watu kumi, akiwemo mtengenezaji na muuzaji. Tunasema kweli. Lakini tukishasema tunakwenda zetu, naye anabaki na watoto wanaohitaji sare na daftari. Ulezi ule ule unatoa togwa na unga wa uji. Je, nani kati yetu amewahi kumpa mtaji wa kuanzia, au kumuagizia togwa ya walima yake?

Kukataa kata ni kazi ya dakika moja, na kwa aliyelelewa vizuri si ngumu. Kubaki ndugu baada ya kuikataa ni kazi ya umri mzima, na Allah atatuuliza juu ya zote mbili. Desemba haiko mbali. Anayetaka kumpigia simu baba yake mkubwa, aanze leo.

Wallahu a'lam.